Mpole, Mnyonge na Hati ya Shamba

Kila ripoti niliyoleta nyumbani kutoka shule ya msingi hapa Migori ilikuwa na neno moja kwenye nafasi ya maoni ya mwalimu wa darasa: mpole. Wakati mwingine "mpole sana". Mamangu alikuwa anafurahi. Dani, yaani nyanya yangu mzaa baba, alikuwa anauliza swali ambalo mimi nililiona la ajabu: "Mpole wa namna gani?"

Miaka ikasonga, nikaingia chuo kikuu, na mwaka wa tatu alama zangu zikaanza kupotea. Mtihani nilifanya, karatasi nilikabidhi, sahihi niliweka, lakini kwenye mfumo somo lilikuwa tupu. Ukisoma chuo Kenya hii, hadithi hiyo unaijua. Nikatumwa ofisi hii, nikatumwa ile. Nikaambiwa nikuje Jumatatu. Jumatatu ikafika, nikaambiwa mwenye faili ametoka kidogo. Kila mara nilisema "sawa, asante" nikaondoka. Somo moja likawa mawili, mawili yakawa manne, karo nayo haikungoja. Siku moja nikapanda basi la usiku kurudi nyumbani, na huo ukawa mwisho wa chuo. Msee tuliyekuwa tunaishi naye chumba kimoja alinitumia ujumbe: shida yako ni moja tu, uko meek sana.

Neno lenyewe lilinikera kuliko ujumbe. Meek nilikuwa nalijua la kanisani, na kanisani ni sifa. Mdomoni mwa rafiki yangu lilikuwa tusi la heshima. Iweje neno moja limsifu mtu Jumapili na kumdharau Jumatatu? Nikaanza kulifuatilia vile mtu hufuatilia mdeni wake.

Waingereza hawakulizaa neno hili. Walilipata kwa mabaharia wa kaskazini, watu wa Skandinavia, ambao kwao mjúkr ilikuwa kitu laini. Ulaini wa ngozi, ulaini wa udongo. Baadaye watafsiri wa Biblia walilichukua na kulibebesha mzigo mkubwa zaidi: neno la Kigiriki praus. Aristotle, aliyeandika karne ya nne kabla ya Kristo, aliuweka upole wa aina hiyo katikati ya makosa mawili. Upande mmoja kuna mtu wa hasira za bure. Upande mwingine kuna mtu ambaye hakasiriki hata pale inapopasa, na huyo naye Aristotle alimhesabia kosa. Mpole wake ni yule anayekasirikia jambo linalostahili, kwa mtu anayestahili, kwa kiasi na kwa wakati wake. Sasa chukua mzigo huo, uweke ndani ya neno lenye maana ya "laini", halafu ungoje miaka mia kadhaa. Mzigo unavuja, ulaini unabaki. Ndiyo maana leo ukimwita mtu meek mjini, anasikia umemwita sponji.

Biblia yenyewe haina sponji hiyo. Kitabu cha Hesabu kinampa sifa ya upole Musa, yule yule aliyesimama mbele ya Farao na kumwambia awaachilie watu. Na katika Mathayo sura ya 21, Yesu anaingia Yerusalemu juu ya punda akiitwa mfalme mpole. Endelea kusoma mistari michache tu, sura ni hiyo hiyo, na unamkuta hekaluni akipindua meza za wabadilishaji fedha. Aliyeandika hakuona haja ya kueleza. Kwake huyo ni mtu mmoja.

Kiswahili kililipa neno hilo upole, na sidhani kama lingepata nyumba bora. Pole tunampa aliyefiwa. Polepole tunamwambia dereva. Kwa Dholuo, lugha ya nyumbani kwetu, mos inafanya kazi hizo zote mbili na ya tatu juu yake, ya salamu. Mtu mpole tunasema ni muol. Mtu legelege ana neno lake tofauti, yomyom, kama ndizi iliyopitiliza kuiva. Dani hangeweza kuyachanganya hata akiwa usingizini. Swali lake lilikuwa linatenganisha muol na yomyom, mimi nikadhani ni uzee.

Mwaka jana nikapanda matatu kwenda Gendia. Kutoka Migori unapita Rongo, unakunja kwenda Rodi Kopany, unashuka Homa Bay, halafu unafuata barabara ya ziwa hadi Kendu Bay. Gendia ni kilima kilicho karibu na mji huo. Hapo, mwaka 1906, ndipo Waadventista Wasabato walipoanzisha misheni yao ya kwanza katika nchi ya Wajaluo. Aliyeongoza alikuwa Mkanada, Arthur Carscallen. Alijifunza Dholuo, akatunga kitabu cha sarufi yake, akatafsiri sehemu za Agano Jipya, na mwaka 1913 misheni ikapata mtambo mdogo wa kuchapa. Misheni nyingine zikaota kando ya ziwa na ndani ya nchi kavu: Wire, Rusinga, Kanyadoto, Karungu, Kamagambo. Ukiwa na ramani ya Homa Bay na Migori ya leo, unaweza kuzifuata kwa kidole.

Nataka uione hali ya miaka hiyo. Dini mpya inafundisha upole, na kwa wakati uo huo serikali mpya inadai kodi ya nyumba. Boma la wilaya liko Kisii, na mkuu wa wilaya ana askari. Katika vilima vya Abagusii, majirani zetu, jeshi la Waingereza lilipita mwaka 1905 na tena 1908, likiacha vifo na ng'ombe wengi wakiswagwa. Mtu anayehubiriwa upole huku bunduki ikiwa mlangoni ana haki ya kuuliza swali la dani. Ukishaambiwa kwamba wapole watapewa ardhi, halafu ukaona ardhi inakwenda kwa asiye mpole hata kidogo, unabaki na njia mbili. Ama neno ni la uongo, ama hukulielewa.

Si wote waliolimeza. Mwaka 1913 ikazuka dini ya Mumbo, ikianzia Alego na kuenea hadi upande wetu wa kusini. Mumbo lilikuwa joka la ziwani, na ujumbe wake ulikuwa kwamba wazungu wataondoka na mambo yao yote yaachwe. Mwezi wa tisa 1914, Wajerumani walipovuka mpaka na kuingia Kisii, wengi waliamini siku imefika. Boma likaporwa, misheni zikaporwa. Waingereza waliporudi, walilipiza kwa bunduki na kwa kunyang'anya mifugo. Kwa hiyo watu wa Nyanza Kusini walikuwa wameijaribu hasira pia, na walijua gharama yake.

Lakini pale Gendia aliyenikamata ni mtu mwingine. Carscallen hakufika peke yake. Alikuwa na mwenzake kijana, Peter Nyambo, Mwafrika wa Nyasaland, nchi tunayoiita Malawi leo, aliyekuwa amesoma katika chuo cha Waadventista huko Uingereza. Katika masimulizi mengi ya misheni jina lake linatokea mara moja: Carscallen alifika, akiwa na Peter Nyambo. Kisha sentensi inaendelea na Carscallen. Ukisoma hivyo unamwona Nyambo nyuma, amebeba mizigo, kimya, mpole.

Nyambo hakukaa sana hapa. Alirudi kusini, akaachana na misheni, na mwaka 1914, wakati dunia inaingia vitani, alikuwa Uingereza. Mkononi alikuwa na waraka kwa Mfalme, malalamiko ya Waafrika wa Nyasaland na Rhodesia kuhusu jinsi walivyotawaliwa. Hakuwa na jeshi wala joka la ziwani. Alikuwa na karatasi, na alivuka bahari kuifikisha. Wakubwa wa makoloni hawakumpa alichoomba. Ila mimi nikiwa nimesimama pale kilimani nilifikiria: huyu alikuwa mtulivu yule yule kwenye sentensi ya Carscallen na kwenye mlango wa Mfalme. Sauti haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba alikuwa na kitu cha kudai na hakukubali kukiacha njiani.

Ndhiwa, huko huko Homa Bay, kuna mzee mwingine ambaye kila shabiki wa mpira anamtaja bila kumjua. Gor wa Kanyamwa, aliyebandikwa jina Mahia, maana yake maajabu, alikuwa kiongozi na mganga mashuhuri wakati wakoloni wanaingia. Klabu iliyoanzishwa 1968 ilichukua jina lake. Simulizi zinasema Gor alikuwa anajigeuza. Wakija kumtafuta wanakuta mzee anayetetemeka, wakigeuka ni mwanamke, wakigeuka tena ni mtoto. Amini usiamini, hiyo ni shauri yako. Mimi naona waliosimulia walichagua sura zile kwa makusudi. Hawakumgeuza Gor kuwa simba. Walimgeuza kuwa watu ambao afisa mwenye bunduki hawezi hata kuwatazama mara mbili. Hiyo ndiyo dawa yake: udhaifu kama vazi, analivaa akitaka na kulivua akitaka. Mnyonge halivui. Hana kingine ndani.

Ningeweza kuishia hapo, kwenye mambo ya kale, na ningekuwa salama. Lakini kuna hadithi ya juzi ambayo kila ninapoandika neno upole inaniita.

Tarehe 7 Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu wa miaka 31 aliyekuwa akiandika mtandaoni, alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay kwa ajili ya chapisho kuhusu mkubwa mmoja wa polisi. Akasafirishwa mpaka Nairobi, akafungiwa Kituo Kikuu cha Polisi. Kufikia siku iliyofuata alikuwa amekufa. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa wanapatholojia ukaonyesha majeraha ya kichwa, shingo iliyobanwa, na alama za kupigwa mwilini.

Baba yake alikuwa amesafiri kumfuata. Aliwaeleza wanahabari kwamba alibeba hati ya shamba lake, ili kama kuna dhamana, shamba limtoe mwanawe.

Niliposikia hivyo nilizima simu. Mzee wa Homa Bay, na ardhi yake mkononi. Ahadi ile ya Mathayo inazungumzia ardhi, na huyu hakuwa anangoja kuirithi. Alikuwa nayo tayari, imekunjwa, tayari kuitoa. Alikuwa ameenda mahali ambapo sheria inasema mtu huenda, na karatasi ambayo sheria inaitambua. Mtu wa mjini angesema: ona mzee mnyonge, anaamini polisi. Mimi sioni unyonge pale. Mnyonge angebaki nyumbani akisubiri simu. Na baada ya kuambiwa mwanawe amekufa, mzee huyo alisimama mbele ya kamera na kusimulia mambo moja baada ya jingine, jinsi walivyokuja, walivyosema, na walivyomchukua. Nchi nzima ikasikia. Vijana wakaingia barabarani, na maelezo ya ukuta yakashindwa kusimama.

Sisemi upole ulishinda. Albert hakurudi, na hakuna baba atakayekubali ubadilishanaji wa aina hiyo. Nasema tu kwamba tumelipa neno maana ya nusu, halafu tunashangaa linapotudanganya. Walioko juu wanapenda tulielewe kwa nusu ile laini, manake mtu laini hasumbui ofisi. Nasi tulio chini tunaipenda pia, kwa sababu inatupa jina zuri la woga wetu. Hapo ndipo nilipojikuta mimi. Miaka yote ile nilijiambia nimeacha chuo kwa sababu mimi ni mpole na dunia ni ya wakali. Ukweli ni kwamba siku zile kwenye dirisha la ofisi sikuwa mpole. Nilikuwa mnyonge mwenye adabu. Nilikuwa na haki yangu, nikaiacha pale kaunta kila Jumatatu, nikasema asante.

Dani alifariki kabla sijaweza kumjibu.

Mwezi uliopita nilirudi kwenye ofisi ile. Sura zimebadilika, maneno ni yale yale. Nikaeleza masomo yangu manne, nikaonyesha kadi za mitihani ambazo mamangu alikuwa amezitunza kwenye bahasha pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Nikaambiwa nikuje Jumatatu. Nikasema, kwa sauti yangu ya chini ile ile ya ripoti za shule, kwamba nimetoka Migori na nitangoja. Kulikuwa na benchi. Nikakaa.

Saa kumi na nusu jioni somo moja likapatikana. Bado matatu.