Saratani ya utumbo inapofika kwenye ini: Hukumu iliyopata rufaa

Damu inayotoka kwenye utumbo hupita kwanza kwenye ini kabla ya kurejea kwenye moyo. Ndiyo sababu seli za saratani ya utumbo mpana, zinapojitenga na uvimbe wa awali, mara nyingi hukwama humo. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, habari kwamba ugonjwa umefika kwenye ini ilichukuliwa kuwa hukumu isiyo na rufaa.

Hofu ya madaktari ilikuwa damu. Ini limejaa mishipa, na mgonjwa angeweza kufia kwenye meza ya upasuaji. Mwaka 1908 James Hogarth Pringle, daktari wa upasuaji wa Glasgow, alieleza namna ya kuibana kwa muda mishipa inayopeleka damu kwenye ini. Mwaka 1952, mjini Paris, Jean-Louis Lortat-Jacob alichapisha taarifa ya kuondoa upande wa kulia wa ini kwa kufuata mpangilio wa mishipa yake. Miaka mitano baadaye Mfaransa mwenzake, Claude Couinaud, alilichora ini katika sehemu 8, kila moja ikiwa na njia yake ya damu. Kisu kikapata ramani.

Mwaka huo huo wa 1957 ilitangazwa dawa ya fluorourasili, iliyobaki kuwa tegemeo kuu kwa takriban miaka 40. Kisha mwaka 1996 Henri Bismuth na wenzake wa hospitali ya Paul Brousse, Villejuif, walitoa taarifa ya wagonjwa 330 waliokuwa wameonekana hawafai kupasuliwa. Baada ya kupewa dawa, ikiwemo oksaliplatini, uvimbe ulinywea na wagonjwa 53 wakapasuliwa. Kati ya hao, asilimia 40 walikadiriwa kuishi miaka 5.

Swali likabadilika. Kwa kuwa ini hukua tena, madaktari walianza kuuliza kitabaki kiasi gani, si kitaondolewa kiasi gani. Mwaka 2024 utafiti wa TransMet, ulioongozwa kutoka Ufaransa, ulionyesha kwamba hata kupandikiza ini jipya kwaweza kuwafaa wagonjwa wachache waliochaguliwa kwa uangalifu mkubwa.

Wengi bado hurudiwa na ugonjwa. Hata hivyo, historia hii yafundisha kwamba neno "haiwezekani" halipaswi kutamkwa kabla ya daktari bingwa wa upasuaji wa ini kuzitazama picha za mgonjwa.