Lafudhi ya Likunja na Mizani ya Unguja

Likunja iko wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, katika nchi ya Wamwera. Mtu wa huko afikapo mjini hujulikana kabla hajamaliza salamu, kwani Kiswahili chake kimepitia kinywa kilicholelewa na Kimwera. Wapo wanaoona fahari. Wapo wanaoona haya, wakanyamaza barazani.

Haya hiyo ina historia. Mwaka 1928, mkutano wa Mombasa uliiteua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha. Kilichotafutwa ni tahajia moja na vitabu vya shule. Lakini darasani kalamu iligeuka hakimu wa ulimi.

Hata kisiwani mizani hiyo haikuwa ya wote. Kilichoteuliwa ni Kiunguja cha mjini; Kimakunduchi, cha kusini mwa kisiwa hicho hicho, kikaachwa nje ya mlango.

Mwaka 1950 Lyndon Harries alichapisha sarufi ya Kimwera. Mwaka 1962 akatoa kitabu kikubwa juu ya ushairi wa Kiswahili. Sikio lililozipokea tenzi za pwani lilikuwa limekwisha kuketi kwa Wamwera.

Nao udugu u wazi. Mzanzibari asemapo "jembe limevunjika", hiyo li- ndiyo ile ambayo Kimwera huiweka mwanzoni mwa majina ya ngeli hiyo. Amchekaye Mmwera humcheka ndugu aliyetunza alichokipoteza yeye. Mwacha mila ni mtumwa.