Hali ya Mafunzoni, si Mazingira ya Kielimu

Kila tasnifu mpya kuhusu maisha ya wanafunzi wa udaktari inakuja na neno "mazingira ya kielimu", na kila jopo linalipitisha. Mimi nalipinga.

Hojaji inayojulikana zaidi katika uwanja huu ni DREEM, iliyoundwa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, mwaka 1997. Ina vipengele 50, kila kimoja kina alama 0 hadi 4, jumla 200. Tazama inachouliza: je, walimu huwakejeli wanafunzi? Mwanafunzi amechoka hata masomo hayampi raha? Ana marafiki? Akielemewa, yuko wa kumshika mkono? Malazi nayo yameulizwa, lakini kwa kupita tu.

Sasa lipime neno. Mazingira yametokana na zingira, na zingira ni kuzungushia. Hata jeshi huuzingira mji. Kwa asili yake, basi, mazingira hubaki nje ya mtu. Isitoshe, masikio yetu yamekwisha kulizoea kwa miti, mito na taka. Na hilo "kielimu" halisaidii kitu: maktaba ina mazingira ya kielimu, na maonyesho ya vitabu pia.

Badala yake napendekeza "hali ya mafunzoni". Hali ni neno la Kiarabu asilia, lakini Kiswahili kimelilea hadi likawa la nyumbani: hali ya hewa, hali ya mgonjwa, hali ya maisha. Mtu akikuuliza "U hali gani?" humwelezi kuta za nyumba yako, unamwambia ulivyo, pamoja na yale yaliyokufanya uwe hivyo. Mafunzo nayo ni ndugu wa mwanafunzi na mkufunzi, wote wa shina la funza. Tia -ni, upate mafunzoni: darasani, maabarani na wodini kwa neno moja.

Fikiria raundi ya asubuhi. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaulizwa dalili za ugonjwa mbele ya mgonjwa na wauguzi. Anakosea. Daktari bingwa anamcheka kwa sauti, na wenzake wanainamisha vichwa. Kitanda ni kilekile, wodi ni ileile, mazingira hayakuguswa. Kilichoharibika ni hali.

Nililiwasilisha pendekezo hili mbele ya jopo moja la istilahi. Likawekwa kando eti "hali" ni neno la kawaida mno, na aliyelipinga kwa nguvu zaidi alikuwa amekuja na "ikolojia ya ufundishaji" yake mfukoni. Ukawaida huo ndio sifa yake! Mwanafunzi aliyekesha zamu ya usiku ataijibu hojaji kwa ukweli akiulizwa kwa neno analosalimiwa nalo kila siku, si kwa neno lililotungwa ili watungaji waonekane wasomi.

Matumizi: "mtazamo wa wanafunzi kuhusu hali ya mafunzoni", "kipimo cha hali ya mafunzoni". Wingi haubadiliki.