Ororo, Dadu na Mvua ya Kalinzi

Kalinzi iko vilimani kaskazini mwa Kigoma, upande wa barabara ya kwenda Manyovu. Mkulima wa kahawa wa huko hahitaji kalenda kumwambia mwaka umeanza, hutazama mbingu. Mvua za kwanza baada ya kiangazi ndizo zinazoichanua mibuni, na zikichelewa kila mtu anajua, hata mwenye duka la sabuni. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, milima ya mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Kwa watu wa mwambao huu, habari ya mwanamke anayeita mvua kwa kuinua mikono si habari ngeni. Kilicho kigeni ni safari yake: alibuniwa New York, akapewa Kenya kuwa kwao, kisha akapimwa kwa namba na kampuni iliyozaliwa katika mji mdogo wa kando ya ziwa, Lake Geneva, jimbo la Wisconsin.

Jina lake ni Ororo Munroe, na wasomaji wa katuni za Marvel wanamjua kama Storm. Alitokea mara ya kwanza mwaka 1975 katika toleo la Giant-Size X-Men namba 1, lililoandikwa na Len Wein na kuchorwa na Dave Cockrum, likauzwa senti 50 za Marekani. Cockrum alikuwa na michoro ya wahusika ambao hawajapata kazi. Mmoja alikuwa mwanamke mweusi mwenye uwezo wa kujigeuza paka. Kwa kuwa wanawake paka walikwisha kuwa wengi kwenye katuni za wakati ule, alimvua upaka na kumpa nguvu za hali ya hewa zilizokuwa za mhusika mwingine, mwanamume.  Hivyo ndivyo malkia wa mvua wa Afrika Mashariki alivyopatikana: kwa kuunganisha mabaki mawili ya mezani kwa mchoraji.

Katika hadithi hiyo ya kwanza, Profesa Xavier, mwanzilishi wa kundi la mashujaa la X-Men, anamkuta Kenya akiabudiwa kama mungu, watu wakimwomba mvua naye akiileta. Mwaka 1976, toleo la 102 la X-Men lilimpa ukoo: mama binti wa kifalme kutoka Kenya, baba mpiga picha Mmarekani mweusi, wazazi wote wawili wakafia Cairo ndege ilipoangukia nyumba yao katika vita vya Suez vya 1956. Mtoto alifukiwa kwenye kifusi, na tangu hapo akawa anaogopa kufa mahali pafinyu. Alikua kibaka katika mitaa ya Cairo, kisha akatembea kwa miguu kuelekea kusini, kwa kina mama yake. Huko anawekwa mara Serengeti, mara miguuni pa Kilimanjaro, kana kwamba mipaka ya Kenya na Tanzania ilichorwa kwa kalamu ya risasi. Msomaji wa Arusha amsamehe tu mwandishi.

Waandishi wake walisema Ororo maana yake ni uzuri. Mswahili anayelisoma jina hilo hukutana na jambo lililo karibu yake: mwororo, nyororo, laini. Ngozi nyororo, moyo mwororo. Pengine ni bahati tu, ingawa ni bahati ya kuchekesha kwa mwanamke anayeweza kung'oa paa la ghala kwa upepo.

Kabla yake, malkia wa Afrika katika katuni za Marekani alikuwa mzungu. Sheena, aliyeanza kuchapishwa mwaka 1937, aliruka juu ya miti na kuwaamuru watu weusi waliochorwa bila majina. Katikati ya miaka ya 1950 alipata hadi tamthilia yake ya televisheni. Miaka hiyohiyo, mwendo wa siku chache kwa miguu kutoka Kalinzi, ufalme wa Heru huko Kasulu ulikuwa chini ya mwanamke wa kweli, Mwami Theresa Ntare. Aliketi katika mabaraza na kusikiliza kesi za mashamba na ng'ombe mpaka serikali ilipofuta utawala wa machifu mwaka 1963. Hakuna mchoraji wa New York aliyemfikiria.

Halafu ukaja mwaka 1984. Filamu ya Sheena, iliyopigwa Kenya, ilitoka na Tanya Roberts akiwa amepanda farasi aliyepakwa rangi ili afanane na pundamilia. Aliyeigiza mganga wa kabila la kubuni katika filamu hiyo alikuwa Princess Elizabeth wa Toro, mwanasheria aliyesoma Cambridge na aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Uganda. Binti mfalme halisi alimlea malkia wa bandia. Mwaka huohuo kampuni ya TSR, iliyokuwa imeanzisha Dungeons & Dragons mwaka 1974, ilitoa mchezo wa Marvel Super Heroes ndani ya sanduku la manjano, na Ororo akapata karatasi yake ya namba.

Asiyeujua mchezo wa aina hiyo aufikirie kama mchezo wa baba na mama uliowekewa kitabu cha sheria. Watu wanne au watano huketi mezani. Mmoja ni hakimu: ndiye anayesimulia dunia, anayeigiza maadui, anayeamua kama mlango umefungwa. Wengine kila mmoja humvaa mhusika wake na kusema anachofanya. Likitokea jambo lenye mashaka, dadu huamua. Mchezo huo wa TSR, uliobuniwa na Jeff Grubb akisaidiwa na Steve Winter, ulimgawa kila shujaa katika sifa saba: kupigana, wepesi, nguvu za mwili, ustahimilivu, akili, utambuzi na nguvu ya nafsi. Sifa hazikupewa namba tupu, zilipewa maneno yenye ngazi, kutoka hafifu na duni hadi za kutisha na zisizo za dunia hii. Ngazi ya chini inahesabiwa 2, ya wastani 6, ya juu 100. Mchezaji anarusha dadu mbili za pande kumi, anapata namba kati ya 1 na 100, kisha anatazama jedwali la rangi. Nyeupe ni kushindwa. Kijani ni kufanikiwa, njano ni kufanikiwa zaidi, nyekundu ni ushindi wa kusimuliwa.

Kumhamisha mhusika kutoka kwenye katuni kwenda kwenye karatasi hiyo ni kazi ya karani zaidi kuliko ya msanii. Mchoraji anaweza kuuacha upepo uwe mkali kadiri ukurasa unavyotaka. Mwezi huu Ororo anazuiwa na ukuta, mwezi ujao anageuza kimbunga. Mezani mchezaji atauliza upepo huo unafika umbali gani, unamwangusha mtu wa kilo ngapi, na kama anaweza kupiga radi akiwa ndani ya jengo. Kila jibu ni hukumu juu ya hadithi. Hofu ya mahali pafinyu, ambayo kwenye katuni ni ukurasa mmoja mweusi wa kusikitisha, hapa inakuwa dadu za nguvu ya nafsi: ukikosa, shujaa wako anaganda ndani ya lifti wenzako wakipigana nje.

Tatizo gumu zaidi lilikuwa wakati. Katika toleo la 185 la katuni ya X-Men, Septemba 1984, silaha iliyobuniwa na mvumbuzi Forge ilimnyang'anya Ororo nguvu zake zote. Mchezo ukawa na Storm mwenye radi katika mwaka ambao katuni ilikuwa na Storm asiyeweza hata kuleta manyunyu. Hakimu wa mchezo angechagua yupi? Katuni yenyewe ilitoa dokezo zuri mwaka 1986, katika toleo la 201, pale Ororo, bila nguvu yoyote, alipomshinda shujaa mwenzake Cyclops kwenye pambano la kugombea uongozi wa X-Men. Kwa karatasi ya TSR hiyo ni shida kubwa, kwa sababu uongozi hauna safu yake. Nguvu zilimrudia mwaka 1988. Waliokuwa wakicheza miaka hiyo minne bila radi huenda walimfahamu vizuri zaidi kuliko walioanza baadaye.

Kuna sehemu ya hadithi ambayo dadu hazikuipata kabisa, na hapo ndipo mtu wa Kalinzi anaweza kuingilia mazungumzo. Katika katuni, Ororo akiwa bado msichana alimaliza ukame wa kijiji kwa kuita mvua bila kufikiri, na mvua hiyo ikawa imeibwa kutoka kwa wengine: nchi za jirani zikakauka, wanyama wakafa. Mama yake wa kulea, Ainet, ndiye aliyemfundisha kwamba mbingu ni moja na kila tone lina mahali lilipotoka. Hilo ni wazo zito, na ni wazo la Kiafrika zaidi kuliko vazi lolote alilovalishwa. Lakini karatasi ya mhusika ina afya, ina pointi za wema, ina mali, ina hata umaarufu. Haina kisanduku cha ukame wa jirani. Mchezo ulijua kuadhibu shujaa aliyeua, kwa kumfutia pointi zote za wema alizojikusanyia. Kuhusu aliyekausha shamba la kijiji cha tatu, haukuuliza.

Waitaji mvua wa kweli wa nchi hizi waliishi ndani ya swali hilo. Usukumani na Unyamwezi, mtemi aliwajibika kwa mvua, na iliposhindikana aliweza kung'olewa kwenye kiti. Ihanzu, katika mkoa wa Singida, desturi inadai watu wawili, mwanamume na mwanamke wa ukoo wa Anyampanda, washirikiane kuitengeneza mvua huko Kirumi. Mawe ya mvua nayo yana ya kiume na ya kike. Ukimleta Ororo wa Marvel pale, kosa lake la kwanza litakuwa kuja peke yake. Mbuni mchezo mwenye macho angeona kanuni nzima hapo: mvua hainyeshi mpaka wachezaji wawili warushe pamoja, na matokeo mabaya yawaangukie wote.

Buha nayo ilikuwa na hesabu zake. Kabla ya ukoloni Waha walikuwa na falme sita, Heru, Muhambwe, Buyungu, Luguru, Bushingo na Nkalinzi, ambayo jina lake Kalinzi imelibeba hadi leo. Mwami alitawala watu na ng'ombe, lakini mambo ya ardhi na mizimu ya mahali yalikuwa na wenyewe wa zamani zaidi, wateko, na mwami hakuweza kuwaruka. Ziwani mamlaka yaligawanyika tena. Verney Lovett Cameron, aliyefika Ujiji Februari 1874 na kushuka kusini kwa mitumbwi mwezi uliofuata, alieleza jinsi waongozaji wake walivyosimama mbele ya rasi ya Kabogo na kutupa shanga majini ili wapite salama. Rasi ile ina ncha mbili, na aliambiwa kwamba ni makazi ya pepo na mkewe. Hapa pia dhoruba ni ya watu wawili, na nguvu haiko ndani ya kifua cha mtu: imekaa mahali, nawe unalipa ushuru ukipita.

Michezo ya Marvel yenyewe imebadili sheria mara kadhaa. Mwaka 1998 walitumia karata badala ya dadu, mwaka 2003 wakatumia vijiwe, mwaka 2012 wakarudi kwenye dadu na kutilia mkazo zaidi uhusiano wa mashujaa na wenzao, na mwaka 2023 ukatoka mchezo wa dadu tatu za kawaida za pande sita. Kila mara Ororo huandikwa upya. Waliojaribu kuanza na Afrika yenyewe, badala ya kuanza na shujaa mmoja, hawakuwa wengi. Mmoja wao ni Chris Dolunt, Mmarekani aliyetoa Nyambe mwaka 2002, kitabu cha sheria za mezani kilichokusanya visa na imani za bara zima, kwa faida na hasara za kukusanya bara zima.

Afrika Mashariki ilianzia upande wa kompyuta. Mwaka 2007 Wesley Kirinya wa Kenya alitoa The Adventures of Nyangi, ambao shujaa wake ni msichana Mwafrika anayetafuta hazina za kale. Miaka miwili baadaye, pamoja na Eyram Tawia wa Ghana, alianzisha Leti Arts, kampuni ya katuni na michezo ya mashujaa wa bara hili. Nyangi hakuwa na mvua wala radi, ila hakuhitaji profesa wa kuja kumtoa kijijini.

Aliyekaribia zaidi mchezo wa mezani, hata hivyo, alitengeneza filamu. Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyotoka mwaka 2018, inamhusu Jo, mtoto wa miaka tisa mgonjwa asiyetarajiwa kupona, ambaye ndoto yake ni kuwa shujaa wa filamu za mapigano. Dada yake anawashawishi wanakijiji wamwigizie kana kwamba nguvu anazo kweli. Hapo mchezo una kila kitu isipokuwa dadu: dada ni hakimu, wanakijiji ni wahusika, sheria zinatungwa njiani, na kila mtu mzima anayepita lazima aamue papo hapo kama atacheza au atavunja.