Mirungi pwani ya Kismayo: kwa nini marufuku haikutosha



Mirungi imepigwa marufuku zaidi ya mara moja katika pwani ya Kismayo na visiwa vya Bajuni. Mwaka 1983 serikali ya Siad Barre iliikataza Somalia nzima. Mwaka 2006 Mahakama za Kiislamu ziliuteka mji wa Kismayo mwezi Septemba, na Novemba zikakataza mirungi. Watu wakaandamana. Kila mara jani likarudi. Wengi wetu tunasema ni ukosefu wa adabu tu. Tuangalie na upande mwingine, yaani ndani ya ubongo.

Seli za ubongo huzungumza kwa kemikali. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Sweden alionyesha kuwa mojawapo ni dopamini, na mwaka 2000 akapewa Tuzo ya Nobel. Watu wakaiita kemikali ya raha. Lakini mwaka 1989 Kent Berridge na wenzake huko Marekani waligundua kuwa panya walioondolewa dopamini waliendelea kuonyesha dalili za kufurahia utamu. Utafiti uliofuata ukabainisha kwamba dopamini hasa huleta hamu ya kutaka na kufuatilia. Ladha yenyewe hutokana zaidi na kemikali nyingine, zinazofanana na afyuni, ambazo mwili hujitengenezea.

Dopamini pia hufundisha. Mvuvi wa Chula akitupa wavu asipotarajia kitu, kisha ukapanda umejaa, dopamini hupanda na ubongo hukumbuka mahali na saa. Neema hiyo ndiyo inayomrudisha baharini kesho.

Mirungi huiteka njia hiyo hiyo. Mwaka 1975 maabara ya Umoja wa Mataifa ilitambua kathinoni katika majani mabichi. Kathinoni husukuma nje dopamini na noradrenalini: usingizi hukimbia, njaa hupotea, moyo hudunda. Jani likinyauka, kathinoni hupungua nguvu. Ndiyo sababu mirungi ya Meru imekuwa ikiwahishwa Somalia kwa ndege. Baadaye mtu hulegea, hununa, hukosa usingizi. Baraza, saa ya alasiri na marafiki wale wale huwa ishara za kuamsha hamu. Anaweza kutaka sana kitu ambacho hakimfurahishi tena, huku pesa ya unga ikiishia hapo.

Ndugu wazazi, hatusemi kwamba mtu hana hiari, wala kwamba sheria haina maana. Tunasema kwamba amri huondoa jani sokoni, lakini hamu iliyojengwa kwa miaka hubaki kichwani. Kijana anayetaka kuacha tusimtukane. Tumsaidie kubadili saa ile na njia ile, tumpe kazi au mchezo wenye matunda ya karibu, na tuwe na subira, kwa kuwa ubongo uliojifunza unaweza kujifunza upya.

Wabillahi tawfiiq.