Mkono wa Tatu wa Trekta

Ndugu zangu tuliopita shule hii, bila shaka mnalikumbuka trekta jekundu la Massey Ferguson lililolima shamba letu la mpunga, nasi tukifuata nyuma na majembe kuvunja mabonge. Wachache wetu waliwahi kuinama kutazama plau lilivyoshikwa. Naomba leo tuiname, maana hapo pana historia, na pana hatari.

Matrekta ya awali, kama Fordson ya mwaka 1917, yalirithi kazi ya farasi. Plau lilifungwa nyuma kwa mnyororo au chuma, likakokotwa. Liliponasa kwenye kisiki, magurudumu ya nyuma yalishindwa kwenda mbele, na nguvu ya injini ikainua pua ya trekta hata likapinduka kinyumenyume juu ya dereva. Wengi walikufa hivyo huko Marekani na Ulaya.

Aliyeleta badiliko ni Harry Ferguson, fundi wa Ireland ya Kaskazini, katika miaka ya 1920. Alilishika plau kwa mikono mitatu: miwili chini, mmoja juu. Plau likikuta udongo mgumu, kama ule mfinyanzi mweusi wa bonde letu, hutaka kujibinua mbele. Mkono wa juu husukumwa, hubana springi, nayo hufungua vali ya haidroliki, na plau huinuliwa kidogo. Uzito wake huhamia magurudumu ya nyuma, yakashika ardhi. Tena msukumo ule ule wa mkono wa juu huizuia pua isiinuke. Ndiyo maana trekta jepesi liliweza kulima kazi ya trekta zito.

Mwaka 1938 Ferguson alipeana mkono na Henry Ford, bila mkataba wa maandishi. Trekta lao lilitoka mwaka 1939. Baadaye walifikishana mahakamani, na shauri likaisha mwaka 1952 kwa Ferguson kulipwa dola milioni 9.25. Wakati huo alikuwa na trekta lake mwenyewe, TE20, lililotengenezwa Coventry tangu 1946 hadi 1956, zaidi ya 500,000. Mwaka 1953 aliungana na Massey-Harris, na hivyo likapatikana jina tulilokuwa tukilisoma kwenye boneti.

Pini za mikono ya chini zina vipimo: trekta dogo milimita 22, kubwa zaidi 28. Katika taarifa nyingi zilizopita mezani kwangu huhesabiwa matrekta. Pini sijaona zikihesabiwa. Pini ikipotea, watu hurudi kwenye mnyororo.

Nikiwa kidato cha tatu, tukivuka bado kwa kivuko, tela la mpunga lilizama topeni ng'ambo ya mto. Dereva alifunga mnyororo kwenye tundu la mkono wa juu, kwa kuwa ndipo palipofikika kwa urahisi. Tundu lile liko juu ya ekseli. Alipoachia klachi, trekta lilisimama wima. Aliruka, lakini mguu mmoja haukupona, na hakuendesha tena.

Wanafunzi mliopo sasa, mkifika shambani mwombeni dereva awaonyeshe kile chuma chenye matundu, chini ya ekseli, katikati ya magurudumu ya nyuma. Mnyororo wa kukokotea hufungwa hapo.