Tuliposimama Pembeni ya Kampala Road

Oktoba 2012 Uganda ilitimiza miaka 50 ya uhuru, na KCCA ikaanzisha Kampala City Festival. Sisi tulikuwa wageni kabisa: mwezi wa saba M23 waliteka Bunagana, tukavuka mpaka. Tukaenda kutazama, karatasi za ukimbizi mfukoni, maana ukiona polisi wengi moyo unaruka. Yakapita malori yaliyopambwa, ngoma za Kiganda, vijana waliojipaka rangi. Halafu lori moja likapiga rumba ya kwetu. Waganda huiita “Lingala” tu, utafikiri lugha ndiyo muziki! Barabara nzima ikacheza. Mama muuza soda akatuuliza kwa Kiswahili cha kubahatisha, “Nyinyi vijana, mbona hamchezi?” Tukamjibu tumechoka kusimama.